Bukavu: Kabla ya kutoboa sanduku la hewa, dereva ajue kwanza vitesi za gari lake

Katika mji wa Bukavu, magari mengi madogo yanayobeba watu kati ya Ibanda, Kadutu na Bagira yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika Kongo: usukani uko kuume na vitesi ni za otomatiki. Gari likijaa abiria na kuanza kupanda, motere inalia lakini mwendo hauji. Madereva wengi wanakimbilia garaji, na huko baadhi ya mafundi wanawapa dawa moja: kufungua hewa.

Kazi yenyewe haichukui hata nusu saa. Fundi anatoboa sanduku la chujio la hewa, ambalo wengi wanaliita filtre, ama anatoa chujio lenyewe na kulitupa. Siku za kwanza motere inapiga sauti nzito, na dereva anaona gari limepata nguvu. Miezi ikipita, linaanza kula mafuta ya motere na kutoa moshi wa bluu. Kwa mtu anayelipa masomo ya watoto kwa gari hilo, hiyo ni hasara kubwa.

Hewa ya mlima ni nyepesi

Shida haitoki kwenye chujio. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake, hata ikiwa mpya. Kutoboa sanduku hakuwezi kurudisha nguvu hizo.

Lakini kunafungulia vumbi mlango. Kwa kuchoma lita 1 ya esansi, motere inavuta karibu lita 10,000 za hewa. Wakati wa kiangazi, kwenye barabara zisizo na lami, hewa hiyo imejaa chembe za mchanga. Zikiingia, zinachanganyika na mafuta na kusugua silinda na pete za pistoni, hadi motere inachoka kabla ya wakati.

Chujio la umbo la pia, linalofungwa wazi chini ya kapo, nalo lina kasoro: linavuta hewa ya moto kutoka kwa motere, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Bomba refu linalopandishwa hadi juu ya jeep lina faida kwenye vumbi na mito, lakini viungo vyake vyote lazima vizibwe vizuri. Maji yakipenya hadi ndani ya silinda, yanaweza kupinda vyuma vya motere kwa mara moja.

Nguvu iliyomo ndani ya gari

Wengi wanaendesha kwa D tu, kupanda na kushuka. Lakini kwenye mkono wa vitesi wa magari mengi kuna kitufe cha O/D. Kikibonyezwa na taa ya "O/D OFF" ikiwaka, vitesi ya juu kabisa inazuiwa. Gari haliendi tena likibadilisha vitesi kila mara kwenye mpando, na mafuta ya bwate ya vitesi hayapati moto kupita kiasi.

Magari mengine yana kitufe cha PWR ama SPORT: vitesi inachelewa kubadilika ili motere izunguke kwa nguvu zaidi. Kile cha SNOW kilitengenezwa kwa ajili ya theluji, lakini kinasaidia kwenye matope: gari linaondoka kwa vitesi ya 2, na magurudumu hayatelezi ovyo.

Kushuka Ngomo

Faida kubwa zaidi inaonekana kwenye mteremko. Barabara namba 5 inayotoka Bukavu kuelekea Uvira inashuka kwenye milima ya Ngomo hadi Kamanyola, ikiwa na kona kali na mabonde marefu pembeni. Dereva anayeshuka kwa D anategemea freni peke yake. Zikipata moto sana, zinaacha kushika.

Kwa 2 ama L, motere yenyewe inazuia gari. Jambo la lazima ni kupunguza mwendo kwanza kwa freni, kisha kushusha vitesi mapema, kabla mteremko haujaanza.

Wale wanaoweka N ili kuokoa esansi wanajidanganya. Kwenye motere za kisasa, gari likishuka ndani ya vitesi bila kukanyaga mafuta, kompyuta inapunguza ama inakata kabisa esansi. Kwa N, motere inaendelea kuichoma ili isizimike, na gari halina kitu cha kulizuia isipokuwa freni.

Gari likikosa nguvu, dereva aanzie kwenye mambo madogo: chujio safi lililokaa sawa, plagi nzima, mafuta ya bwate ya aina inayotakiwa. Chujio jipya linagharimu kidogo sana ukilinganisha na kufungua motere nzima, na kubonyeza kitufe hakulipiwi.