Wachina na Krismasi: Sikukuu isiyo na likizo

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KILA ifikapo Desemba, kata ya Ijuganyondo katika Manispaa ya Bukoba huwapokea watoto wake waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, kwani kwa Mhaya Krismasi ni siku ya kurudi nyumbani na kula matoke pamoja na ndugu, na senene pia iwapo msimu umekuwa mwema. Taa za rangi na miti ya plastiki ipambayo sebule siku hiyo, mingi imetengenezwa China. Je, Wachina wenyewe huisherehekeaje?

Familia nyingi za China bara haziisherehekei kabisa. Desemba 25 si siku ya mapumziko. Watoto huenda shule na wazazi wao huenda kazini. Ndivyo ilivyo hata Yiwu, mji wa jimbo la Zhejiang utoao sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi yauzwayo duniani. Mzazi wa hapa mwenye mtoto chuoni huko asishangae kusikia kwamba siku hiyo ana vipindi. Hong Kong ni tofauti: Desemba 25 na 26 ni sikukuu za serikali, urithi wa utawala wa Waingereza uliokoma mwaka 1997.

Vijana wa mijini, hata hivyo, wameigeuza kuwa siku ya matembezi na wapenzi. Mkesha wake huitwa Ping'an Ye, yaani usiku wa amani, na tufaha kwa Kichina ni pingguo. Kwa kuwa matamshi yanakaribiana, hupeana matufaha yaliyofungwa katika karatasi za kung'aa.

Kwa Wakristo jambo hili ni zito zaidi. Serikali ya China ilieleza mwaka 2018 kwamba Waprotestanti ni milioni 38 na Wakatoliki wapatao milioni sita. Hao hukesha makanisani, huimba na kuigiza kuzaliwa kwa Yesu. Lakini Desemba mwaka huo huo, mji wa Langfang, jirani na Beijing, uliamuru mapambo ya Krismasi yaondolewe mitaani, na huko Chengdu polisi waliwakamata waumini zaidi ya 100 wa kanisa lisilosajiliwa, akiwamo mchungaji wao.

Anayetaka kuwaona Wachina wakifanya yale ya Ijuganyondo angoje Mwaka Mpya wao, uangukao kati ya Januari 21 na Februari 20. Hapo ndipo treni na mabasi hujaa warudio vijijini, na watoto hupokea kwa wazee fedha zilizotiwa katika bahasha nyekundu.