Fahamu: Wi-Fi ya umma inakujuaje?

Unapojiunga na Wi-Fi ya umma Biharamulo au Ngara, ikikuomba namba ya simu tu, usidhani umejificha. Tangu 2019 laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo anayefuatilia namba yako kisheria atalifikia jina lako. Kwenye migahawa ya intaneti, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wamiliki wafunge kamera na kutunza picha na daftari la wateja kwa miezi 12.

Kutumia kumbukumbu hizo kuwasaka matapeli wa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni jambo la haki. Linalonitia hofu ni daftari lenyewe: likiachwa wazi kaunta, namba yako ya NIDA iliyoandikwa humo inasomwa na kila apitaye. Na anayetaka kutoa taarifa za rushwa bila kujulikana ataogopa kuziandika.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazitakia nini. Muulize kabla hujampa kitambulisho. Asipotunza siri yako, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.