Redio ya kusaka masafa yaweza kuwafaa wavuvi wa Kizingitini

Mashua ya Kizingitini, kisiwani Pate, inapochelewa kurejea wakati wa kusi, walio nchi kavu hubaki na wasiwasi. Redio ndogo ya mkononi ya kusaka masafa yaweza kuwasaidia.

Redio hiyo hupekua baina ya megahezi 156 na 162, masafa ya vyombo vya baharini. Ikinasa sauti husimama, na mwenye nayo huyahifadhi masafa hayo katika kumbukumbu yake. Ya kwanza yawe 156.8, chaneli 16, ya miito ya dharura duniani kote.

Mawimbi hayo husafiri moja kwa moja, hivyo aliye juu ya paa husikia mbali kuliko aliye ufuoni.

Hata hivyo, redio hiyo husikiliza tu. Mashua isiyo na redio ya kutuma haitasikika.