Ajali haina kinga? Mkanda na kiti cha mtoto vyakanusha

ASUBUHI katika stendi ya mabasi ya mjini Tarime, gari dogo la abiria linajiandaa kuelekea Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Viti vya nyuma vimeshajaa. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja anapewa kiti cha mbele kwa heshima, ili asibanwe. Anampakata mwanawe, dereva anafunga mkanda wake, na safari inaanza.

Ni jambo la kila siku, na hakuna anayeona kosa. Hata hivyo, kwa kanuni za usalama barabarani, mtoto huyo ndiye aliyewekwa mahali pa hatari kuliko wote waliomo garini. Hana mkanda, hana kiti chake, na mbele ya uso wake, ndani ya dashibodi, umo mfuko wa hewa uliotengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu mzima.

Wengi wakiulizwa hujibu kwa msemo uliozoeleka kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una ukweli kwa kiasi fulani, kwani hakuna ajuaye ng'ombe atakatiza barabara saa ngapi. Lakini majeraha yatokanayo na ajali yana kinga, na sehemu kubwa ya kinga hiyo imo tayari ndani ya magari yanayopita kila siku kati ya Sirari, Tarime, Nyamongo na Mugumu. Kinachokosekana ni kuitumia kwa utaratibu wake.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa mujibu wa shirika hilo, mkanda hupunguza uwezekano wa kufa kwa aliyemo garini hadi nusu, na kiti cha mtoto hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71.

Mikono ya mama haitoshi

Barabara ya Tarime hadi Mugumu, yenye urefu wa kilometa zipatazo 87, hupita Nyamwaga na Nyamongo na kuvuka Mto Mara. Kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe, na sehemu zake zimekuwa zikijengwa kwa kiwango cha lami. Lami ni neema kwa mkulima na mgonjwa, lakini huleta mwendo, na mwendo una hesabu yake: ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kumezwa wakati wa kugongana huongezeka mara nne.

Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi, likigonga mti husimama katika muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Waliomo ndani hawasimami pamoja nalo, bali huendelea mbele kwa mwendo uleule hadi kitu kingine kiwazuie. Pigo hilo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha meta 10, yaani juu ya ghorofa ya tatu. Kwa mwendo wa kilometa 80, kimo hicho hufikia meta 25.

Kwa mama aliyempakata mtoto wa kilo 10, hesabu hiyo ina maana kwamba mtoto huvutwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Hakuna mikono ya binadamu iwezayo kuuzuia mzigo huo, hata kama ni ya mama mwenye mapenzi na nguvu kiasi gani. Na ikiwa mama mwenyewe hakufunga mkanda, mwili wake humgandamiza mwanawe kwenye dashibodi.

Kumfunga mtoto na mama kwa mkanda mmoja nako si suluhisho. Mtoto huwa kati ya mkanda na mwili wa mtu mzima, na hubanwa na vyote viwili. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja.

Kiti na mkanda kwanza

Kinga ndani ya gari huanza na namna mtu anavyokaa. Mgongo wa kiti unapaswa kusimama, si kulazwa kama kitanda, kwa sababu abiria aliyelala huteleza chini ya mkanda gari linapogonga. Kiegemeo cha kichwa kipandishwe hadi ncha yake ya juu ilingane na utosi, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia shingo isivunjike gari linapogongwa kwa nyuma. Dereva akae mbali na usukani kwa angalau sentimeta 25, zikipimwa kutoka katikati ya usukani hadi kifuani.

Mkanda wa pointi tatu, unaopita kiunoni na begani, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Sweden mwaka 1959, na kampuni hiyo ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Ubora wake upo katika kuipeleka nguvu ya pigo kwenye mifupa imara ya mwili, yaani nyonga, kifua na mtulinga. Kwa hiyo, kipande cha chini kilale juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, na kipande cha juu kipite katikati ya kifua na juu ya bega. Wapo wanaoupitisha chini ya kwapa ili usiwakwaruze shingo. Hao huifanya mbavu ipokee pigo ambalo haikuumbiwa kulipokea.

Mjamzito naye anapaswa kufunga mkanda. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, na kile cha juu kipite kati ya matiti na kando ya tumbo. Kuuacha mkanda kwa kuhofia kumwumiza mtoto aliye tumboni huwaweka wote wawili katika hatari kubwa zaidi.

Abiria wa nyuma hujiona salama kwa kuwa mbele yake kuna kiti. Ukweli ni kwamba asipofunga mkanda hugeuka mzigo unaomrukia aliye mbele. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wanaopangwa kwenye buti la magari aina ya Probox na mengineyo. Sehemu hiyo haina kiti wala mkanda, na imeundwa ikunjamane gari linapogongwa kwa nyuma.

Mfuko wa hewa si mto wa mtoto

Mfuko wa hewa, ambao madereva wengi huuita eabegi, hutambulika kwa herufi SRS zilizoandikwa kwenye usukani, dashibodi au pembeni mwa kiti. Herufi hizo humaanisha kwamba ni kinga ya nyongeza. Maana yake ni kwamba mfuko huo umebuniwa kufanya kazi pamoja na mkanda, si badala yake.

Gari linapogonga, kihisio huwasha kemikali inayotoa gesi, na mfuko hujaa katika muda wa takriban sehemu 30 za elfu moja za sekunde. Hufumuka kwa mwendo unaoweza kufikia kilometa 300 kwa saa. Mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali kiasi hukutana na mfuko ukiwa umeshajaa, nao humpokea. Aliyeinamia dashibodi, au mtoto aliyepakatwa mbele, hukutana nao ukiwa bado unafumuka, na pigo hilo laweza kuvunja shingo.

Kwa sababu hiyo watoto wenye umri usiozidi miaka 12 wanapaswa kukaa nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa kuwa mfuko ukifumuka hukisukuma kiti pamoja na kichwa cha mtoto. Onyo hilo limechapishwa kwenye kikinga jua cha magari mengi, lakini katika magari yaliyoletwa kutoka Japani mara nyingi huwa kwa Kijapani, na hivyo hupita bila kusomwa.

Vilevile, si vyema kupanga vitu juu ya dashibodi wala kupandisha miguu hapo. Magari yenye mifuko ya hewa ubavuni mwa viti yasivalishwe kava zinazoziba sehemu yenye herufi SRS, kwani mfuko hauwezi kutoka inavyotakiwa.

Mtoto ana kiti chake

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, shingo yake ni laini, na mifupa ya nyonga haijakomaa kiasi cha kuushika mkanda. Ndiyo maana kinga yake hubadilika kwa kadiri anavyokua.

Tangu kuzaliwa hadi angalau umri wa miaka miwili, mtoto anafaa kuwekwa katika kiti kinachotazama nyuma ya gari, ili pigo lisambae mgongoni mwote. Baada ya hapo huhamia katika kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake midogo, hadi kufikia uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kiti hicho. Kisha hutumia kiti cha kuinulia, ambacho humpandisha ili mkanda wa gari umkae penye nyonga na begani badala ya tumboni na shingoni.

Nchi nyingi za Ulaya humruhusu mtoto kuacha kiti hicho akifikisha kimo cha sentimeta 135 au 150. Mzazi asiye na kipimo anaweza kumkalisha mtoto akiwa ameegemeza mgongo wote. Magoti yakikunjika penye ukingo wa kiti, nyayo zikigusa sakafu na mkanda ukapita katikati ya bega, mtoto yuko tayari.

Anayenunua kiti kilichotumika aangalie kama kina nyufa, kama mikanda na kufuli lake ni kamili, na kama lebo ya kiwango na tarehe ya mwisho wa matumizi bado zinasomeka. Kiti kilichowahi kuwamo katika ajali kisitumike tena, hata kama kinaonekana kizima. Baada ya kukifunga kwa mkanda wa gari, kikitikiswa kisisogee zaidi ya sentimeta mbili na nusu.

Magari yaliyotumika yakaguliwe

Magari mengi mkoani Mara yamenunuliwa yakiwa yameshatumika Japani. Mnunuzi hukagua injini na bodi, lakini ni wachache wanaokagua kinga. Ufunguo unapowashwa, taa ya SRS inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na huenda mfuko usifumuke. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano kwamba imechomolewa ili kuficha kasoro hiyo.

Mkanda ukivutwa kwa ghafla unapaswa kukwama. Uliochanika ubadilishwe, na ule uliogoma kurudi kwa sababu ya vumbi la changarawe usafishwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida.

Lipo pia suala la mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, ambayo ilifilisika mwaka 2017. Ilibainika kwamba kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifumuka hurusha vipande vya chuma. Marekani pekee mifuko ipatayo milioni 67 iliamriwa kubadilishwa. Mwenye gari la Kijapani anaweza kuingiza namba ya chesisi katika tovuti ya mtengenezaji na kujua iwapo gari lake limo katika orodha ya yanayopaswa kurekebishwa.

Sheria na wajibu wa mzazi

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kama ilivyotumika kwa miongo kadhaa, iliweka sharti la mkanda kwa dereva na abiria wa mbele. Abiria wa nyuma hakutajwa, wala mtoto anayehitaji kiti chake. Mtandao wa asasi za kiraia unaoratibiwa na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) umekuwa ukidai marekebisho ili mkanda uwe wa wote, na watoto watambuliwe. Hata hivyo, fizikia ya ajali haisubiri Bunge.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako mwendo wa juu ni kilometa 50 kwa saa, wageni wengi hufungua mikanda ili wasimame na kutazama wanyama kupitia paa lililo wazi. Jambo hilo linafaa gari likiwa limesimama. Likianza kwenda, kila mtu arudi kitini na kufunga mkanda, kwa kuwa gari likipinduka kwenye changarawe huwarusha nje wasiofungwa.

Si kila familia ya Tarime au Serengeti inaweza kununua kiti cha mtoto leo, na ndani ya gari la abiria uchaguzi ni mdogo zaidi. Lakini yapo yasiyohitaji fedha. Mama mwenye mtoto anaweza kupewa kiti cha nyuma badala ya cha mbele, na kufunga mkanda wake mwenyewe. Mtoto mkubwa anaweza kuwa na nafasi na mkanda wake. Dereva anaweza kukataa kuzidisha abiria, na abiria wanaweza kumkumbusha kupunguza mwendo. Kumpakata mtoto nyuma hakumfanyi awe salama, ila humwondoa mbele ya mfuko wa hewa.

Kwa mwenye gari lake, kiti cha mtoto kinastahili kuhesabiwa pamoja na matairi na bima, si baada yake. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari, na tahadhari hiyo huchukua sekunde tatu tu za kuvuta mkanda hadi usikike umefunga.