Kabla Zege Halijamwagwa

Katika ramani ya jengo, lifti ni pembenne ndogo yenye mistari miwili iliyokatana. Mwenye jengo huuliza vyumba vingapi, magari mangapi yataegeshwa, mbele patang'aa vipi. Kuhusu pembenne ile haulizi. Lakini ukubwa wake ndio utakaoamua nani atafika ghorofa ya nne na nani ataishia kwa mlinzi. Shimo la lifti hujengwa kwa nondo na zege tangu msingi hadi paa. Zege likishakauka, unaweza kubadilisha vitufe, taa, hata kung'oa mashine nzima na kufunga nyingine. Shimo litabaki na upana wake hadi siku jengo litakapobomolewa.

Kila mita ya mraba inayoingia kwenye shimo hilo hupotea katika kila ghorofa. Kwenye kiwanja cha Kariakoo, Dar es Salaam, au Eastleigh, Nairobi, ambako fremu moja ya duka ni mali kubwa, ni rahisi kushawishika kuagiza lifti ya watu wanne. Itafungwa vizuri, itapita ukaguzi wa usalama, itapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Ila mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu ataingiza miguu, na magurudumu ya nyuma yatabaki nje.

Vipimo vya kuepuka hilo vinajulikana kwa miaka mingi. Kiwango cha Ulaya kinachohusu lifti za kutumiwa na watu wote, EN 81-70, kinataja chumba chenye upana wa sentimita 110 na kina cha sentimita 140, mlango ukiwa na sentimita 90, ili aenee mtu mwenye kiti pamoja na anayemsindikiza. Marekani, iliyopitisha sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 1990, ina umbo jingine linalotumika sana, pana kuliko kina, takriban sentimita 173 kwa 130, ili mwenye kiti aingie na aweze kujigeuza humo ndani.

Tofauti hiyo inaeleza kazi ya kitu ambacho wengi wetu hukitumia kurekebisha kola. Katika lifti yenye upana wa sentimita 110 hakuna nafasi ya kugeuza kiti. Mtu ameingia akitazama ukuta, na atatoka kinyumenyume. Kioo cha ukuta wa nyuma kiliwekwa pale ili aone mlango umefunguka kiasi gani na nani amesimama nyuma yake. Anayebandika tangazo juu ya kioo hicho amemfumba mtu macho.

Viwango hivyo, hata hivyo, viliandikwa vikimfikiria mtu mwenye kiti cha kiwandani anayepita kwenye njia zilizosakafiwa. Mitaani kwetu wengi hutembelea baiskeli ya matairi matatu inayoendeshwa kwa mikono, kwa sababu ndiyo inayohimili mashimo, mchanga na umbali. Ni ndefu, na lifti yenye kina cha sentimita 140 haiimezi. Basi mwenyewe huiacha nje kwenye jua, akitazama nyuma kama bado ipo, kisha hutambaa kwenye sakafu au hubebwa mgongoni. Kubebwa mgongoni mbele ya foleni ya watu ili ukafuatilie hati ya kiwanja ni udhalilishaji, hata kama anayekubeba ana moyo mwema. Hospitali, mahakama, masoko ya ghorofa na ofisi za umma zinapaswa kuwa na walau lifti moja kubwa inayoweza kupokea baiskeli hiyo au kitanda cha mgonjwa. Jengo lisiloweza kufanya hivyo liweke sehemu salama ya kufungia baiskeli karibu na mlango, na kiti cha magurudumu cha jengo kinachomsubiri mwenyewe hapo hapo.

Kuna majengo yenye lifti nzuri kabisa ambayo haifikiki. Dar es Salaam sakafu ya chini huinuliwa ili maji ya mvua yasiingie, na uamuzi huo ni wa busara. Tatizo ni ngazi tatu zinazojengwa ili kuifikia. Chukulia kila ngazi ina kimo cha sentimita 15. Jumla ni 45. Mteremko ambao mtu anaweza kuupanda kwa mikono yake mwenyewe unahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, hivyo ngazi hizo tatu zinadai njia yenye urefu wa mita 5.4. Katika kiwanja kinachopakana na barabara, mita hizo hazipatikani baada ya ujenzi kuisha. Ndiyo maana humwagwa zege kidogo pembeni, mwinuko mkali kama paa, kisha jengo likatangazwa kuwa limewajali watu wenye ulemavu.

Tukiingia ndani, vitufe. Vikiwekwa kati ya sentimita 90 na 120 kutoka sakafuni, aliyeketi anavifikia, na aliyesimama hapungukiwi kitu. Visibanwe kwenye kona, maana mwenye kiti hawezi kuufikisha mkono pale miguu yake ilipogota ukutani. Ulaya hutaka viwe walau sentimita 40 kutoka kwenye kona. Wajapani wana utaratibu ambao ningependa tuuige: mbali na vitufe vya kawaida karibu na mlango, huweka safu ya pili ubavuni, chini, imelala, na ukibonyeza safu hiyo mlango hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi.

Kwa Tanzania kuna jambo la vitufe linalostahili uzito wake. Tuna watu wengi wenye ualbino, na ualbino huathiri macho pamoja na ngozi: uoni hafifu, na mwanga mkali unaoumiza. Sasa tazama lifti zetu. Ukuta wa chuma cha pua unaong'aa, kitufe cha chuma hicho hicho, namba iliyochongwa bila rangi, na juu yake taa kali inayorudisha mng'ao usoni. Mtu huyo hulazimika kusogeza uso hadi pua iguse chuma, nyuma yake watu wakiguna. Namba nyeusi kubwa juu ya kitufe cheupe kisichong'aa ingemaliza shida hiyo, na ingewasaidia pia wazee waliosahau miwani nyumbani.

Kwa asiyeona kabisa, maandishi ya nukta nundu ni ya lazima, lakini hayatoshi. Aliyepoteza uoni ukubwani mara nyingi hajajifunza kuyasoma, kwa hiyo namba yenyewe nayo iinuke, aipapase. Kitufe cha ghorofa ya kutokea kijitokeze kuliko vingine. Lifti inapowasili, mlio mmoja uashirie inapanda, miwili inashuka. Na sauti inayotaja ghorofa iseme Kiswahili. Mzee asiyeona aliyetoka Newala kufuatilia pensheni hana sababu ya kuelekezwa kwa Kiingereza katika ofisi ya serikali yake. Sauti huweza kurekodiwa upya. Kinachotakiwa ni zabuni iliyoandika sharti hilo mapema.

Minara mipya inakuja na skrini ya kugusa iliyosimama ukumbini: unachagua ghorofa kabla ya kuingia, kisha unaambiwa uende lifti gani. Kwa mtu asiyeona, kile ni kipande cha kioo laini kisichosema lolote. Dawa yake ipo na inatumika kwingineko: namba za kubonyeza zilizopangwa kama za simu, 5 ikiwa na nukta iliyoinuka, pamoja na kitufe chenye alama ya kiti cha magurudumu kinachowasha sauti na kumpa mtu muda zaidi wa kufika mlangoni. Visiponunuliwa pamoja na mfumo, teknolojia mpya itakuwa imemrudisha nyuma mtu aliyekuwa akijitegemea kwa vitufe vya zamani.

Halafu umeme ukatike. Kiziwi aliyenasa ndani peke yake akibonyeza kengele hawezi kusikia sauti ya kumtuliza kutoka kwenye spika. Ndiyo maana viwango vinadai taa mbili: ya njano ikionyesha wito umetumwa, ya kijani ikionyesha kuna mtu ameupokea. Lifti iunganishwe na jenereta, si taa za ukumbi peke yake, au iwe na betri ya kuifikisha ghorofa ya karibu na kufungua mlango. Matengenezo nayo yafuate mkataba wenye tarehe. Lifti iliyochoka husimama vidole vitatu chini ya sakafu, na vidole vitatu hivyo hunasa magurudumu madogo ya mbele ya kiti. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu tofauti ya milimita 10 tu. Karatasi ya "lifti mbovu" ikikaa mlangoni wiki nzima, jirani wa ghorofa ya sita anayetumia kiti amefungiwa nyumbani bila kosa.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo, ibara ya 54, inatamka haki ya kufika mahali kote kwa kiasi kinachofaa. Na nchi zote mbili zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inahusu pia majengo. Mahali pa kuzitekeleza ni dawati la kibali cha ujenzi, ramani ikiwa bado karatasi. Afisa wa halmashauri aulize upana wa shimo, upana wa mlango, na njia kutoka barabarani hadi kwenye lifti. Na kabla ya muhuri, majengo ya umma yapitiwe na watu watakaoyatumia. Vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, vina wanachama wanaoweza kutazama ramani wakakuonyesha kosa ambalo msanifu hakuliona.

Kwa majengo yaliyokwisha simama, bado lipo la kufanya: muda wa mlango kubaki wazi hupangwa na fundi kwenye mitambo ya lifti. Mahali pengi umewekwa mfupi ili foleni ya asubuhi iishe haraka. Fundi anayekuja kwenye ukaguzi wa kawaida anaweza kuuongeza kwa sekunde chache siku hiyo hiyo, bila kugusa zege, msimamizi wa jengo akimwomba.