Konokono Kwenye Ngao

Masomo yetu ni Hesabu 2 na Zaburi ya 58.

Kule jangwani Waisraeli walipanga hema zao kwa koo, na kila ukoo ulikuwa na bendera na alama yake, mtu asipotee. Mataifa nayo yana alama. Ngao yetu ya Kenya husimamiwa na simba wawili, na katikati yumo jogoo mwenye shoka, ishara ya kazi na ya mapambazuko mapya. (Petro naye alimsikia jogoo, lakini kwake maana ilikuwa nyingine!)

Je, nani angemtaka konokono? Wapo. Mji wa Siena, Italia, una mitaa 17 ya kale, na kila mtaa una alama yake: tai, joka, hata twiga wetu. Mmoja ni mtaa wa Konokono, Chiocciola kwa lugha yao. Mitaa hiyo hushindana mbio za farasi kila Julai 2 na Agosti 16, na watu wa Konokono wamekwisha kushinda mara nyingi. Wachora ngao wa Ulaya walimpa mdudu huyu maana ya uvumilivu, na ya kufikiri kabla ya kutenda. Lakini katika vitabu vya Zaburi vilivyoandikwa kwa mkono Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1300, mna picha za askari wakipigana naye kana kwamba ni adui. Naye mwandishi wa Zaburi ya 58 hamsifu hata kidogo. Amfananisha na waovu wanaoyeyuka. Basi alama haina maana yenyewe, hupewa na wanaoibeba.

Sisi wa Mashimoni twamtazama kwa jambo moja: yeye hutembea na nyumba yake. Mnamo Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa ili barabara ipite kati ya Ngong Road na Lang'ata. Mhubiri akimwambia mama aliyebeba mabati na watoto awe na saburi ya konokono, anamwonea. Konokono akiguswa huingia ndani. Mama yule aingie wapi?

Tukirudi kwenye Hesabu, twaona kwamba kabla ya bendera kutajwa katika sura ya 2, watu walikwisha kuhesabiwa kwa majina katika sura ya 1. Kwa hiyo twawaomba wazee wa kanisa, Jumapili hii, kabla ya matangazo ya sadaka, waulize: jirani gani amehama, na leo analala wapi?