Mjeledi Uliomo Pichani

Miongoni mwa picha alizozichora Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, Kongo, katika miaka ya 1970, imo moja aliyoirudia mara nyingi: "Colonie belge 1885–1959". Mfungwa Mwafrika amelazwa kifudifudi. Askari, Mwafrika mwenziwe, anamcharaza mjeledi. Na ofisa wa Kibelgiji amesimama akitazama. Juu yao yapepea bendera ya Ubelgiji.

Atazamaye juu juu atasema kuwa hiyo ni habari ya wakoloni, nao wamekwisha kuondoka. Lakini na tujiulize: picha hizo zilinunuliwa na nani, na wakati gani? Walizinunua watu wa kawaida wa mijini, wakazitundika barazani mwao katika zama za Mobutu, ambapo kumsema Rais hadharani kulikuwa ni hatari. Lisilosemeka juu ya leo lilisemwa kwa kuitaja jana. Tena mjeledi umo mkononi mwa mwananchi: mwenye kuamuru aweza kubadilika, na mjeledi ukabaki pale pale.

Tshibumba hakuwa na gazeti wala kiti bungeni. Hata hivyo, mwaka 1973 na 1974 alimsimulia mwanazuoni Johannes Fabian, kwa Kiswahili, historia ya nchi yake kwa picha zipatazo 100.

Basi picha inapoudhi, mwenye dhamana asiharakishe kuuliza ni nani aliyeichora. Aulize kwanza kwa nini wananchi wameitundika.